UFUNDI WA NYUMBANI: Plastiki Ipi Ifaayo kwa Kuba la Spika?

Katika visanduku vingi vya spika, sauti nyembamba za filimbi na kayamba hutolewa na spika ndogo ambayo mafundi huiita twita. Mbele yake pana kuba dogo, aghalabu lenye upana wa milimita 19 hadi 25, jembamba kama karatasi, nalo limegandishwa kwenye koili ya waya mwembamba. Kidole cha mtoto kikiligusa, hubonyea. Likipasuka, muziki husikika kama unaotoka nyuma ya blanketi. Twita za miundo ya zamani ni adimu madukani, na kwa sababu hiyo wako mafundi wanaounda kuba jipya kwa kulainisha karatasi ya plastiki kwa joto na kuikandamiza juu ya kalibu. Samaki hukunjwa angali mbichi. Plastiki nayo hukunjwa ingali laini. Lakini kazi hiyo hufaulu au huharibika kabla ya moto kuwashwa, wakati wa kuchagua plastiki.

Koili hupata joto umeme unapopita, na spika ikifunguliwa kwa nguvu, joto hilo laweza kuzidi nyuzi 100 za Sentigredi. Basi plastiki ifaayo ni ile inayolainika katika tanuri ya fundi, lakini isiyolainika penye koili. Wengi hudanganywa na macho, kwani plastiki zinazofanana kwa rangi na wepesi hutofautiana sana mbele ya joto.

PVC hulainika karibu na nyuzi 80, na polistireni, iliyo katika vikombe vingi vya maziwa ya mgando, karibu na 100. Zote mbili ni rahisi kuumbwa, na zafaa kwa mazoezi ya kalibu, bali si za kutegemewa katika spika inayopigwa kwa nguvu. Tena PVC ikiungua hutoa moshi wa tindikali unaodhuru mapafu. Isichomwe kamwe kwa kuijaribu.

Polipropilini ni nyepesi na haivunjiki upesi. Dudley Harwood, mhandisi aliyewahi kufanya kazi BBC, alianzisha kampuni ya Harbeth huko Uingereza mwaka 1977 akitumia plastiki hiyo kwa koni za spika kubwa. Hata hivyo gundi za kawaida haziishiki vyema, nalo kuba lisiloshikamana na koili halina faida.

Poliesta imetumika katika twita mashuhuri, mathalani KEF T27 yenye kuba la milimita 19. Mtego wake ni huu: poliesta nyingi ya kukunjwa imekwisha kuvutwa kiwandani, na ikirudishwa kwenye joto hujikunyata. Ukuta wa chupa ya soda hufanya vivyo hivyo.

Inabaki polikaboneti, ambayo huanza kulainika karibu na nyuzi 150 na huumbwa vyema karibu na 180. Kwa fundi wa nyumbani, hii ndiyo bora. Ina masharti mawili. Hunyonya unyevu wa hewa, hivyo hapana budi ikaushwe kwanza katika nyuzi 120 hivi, la sivyo itatoa mapovu. Pia isiguswe na petroli wala asetoni. Igandishwe kwa gundi ya epoksi.

Unene nao una hesabu yake. Kuba lenye upana wa milimita 25 na kimo cha milimita 5 huongeza eneo la plastiki kwa asilimia 16, na unene hupungua kwa kadiri hiyo. Likiwa nusu tufe kamili, eneo huwa maradufu na unene hubaki nusu. Basi yafaa kupima kuba la zamani kwa mikromita, kisha kuchagua karatasi iliyozidi kidogo. Isizidi mno, kwani kuba zito huzifisha sauti za juu.

Kazi ifanywe penye hewa, katika tanuri isiyopikiwa chakula. Kuba la kwanza lijaribiwe katika spika iliyokwisha kufa. Na kwa kuwa spika za stirio huenda mbili mbili, ni busara makuba yote mawili yatokane na karatasi moja, ili sikio la kulia lisisikie wimbo mmoja na la kushoto mwingine.