TAMKO LA TAWI: KIWANDA BILA MWALIMU SI DARASA





Kwa wiki tatu sasa simu za viongozi wa Tawi hazipumziki. Wazazi wanaomba jambo moja: Tawi liandike barua ili kijana apokelewe kiwandani kwa mafunzo kwa vitendo. Vyuo vimefunga masomo ya darasani, wanafunzi wametakiwa kwenda field, na viwanda vya Barabara ya Nyerere, kuanzia Chang'ombe hadi Vingunguti na Kipawa, viko mlangoni kwetu. Kamati ya Tawi ilikaa Jumapili ikalijadili jambo hili kwa kirefu. Huu ndio msimamo wetu. Tunaomba usome hadi mwisho kabla ya kupiga simu.

*Kuhusu barua*

Tawi halitaandika barua ya kumwombea mtu nafasi kiwandani. Barua ya utambulisho wa mwanafunzi inatoka chuoni kwake. Barua ya ukaazi inatoka Serikali ya Mtaa. Chama si wakala wa ajira, na muhuri wetu haukuchongwa kwa kazi hiyo. Tukianza kuandika, atapata mtoto wa mwenye kadi aliye karibu na kiongozi, na mtoto wa jirani asiye na chama atabaki nje ya geti. Baada ya hapo tusishangae tukienda kuomba kura na kufungiwa mlango.

Tunajua jibu hili halitawafurahisha wote. Lakini lipo swali kubwa kuliko la barua, na ndilo lililotufanya tuandike: kijana akishaingia getini, *anafundishwa nini, na nani?*

*Hali ilivyo*

Tumezungumza na vijana kadhaa wa eneo letu waliotoka field mwaka uliopita. Walichotueleza kinafanana. Mmoja anasomea umeme wa viwandani. Miezi miwili alikaa stoo akihesabu bolti. Mwingine anasomea ufundi mitambo. Alifagia chenga za chuma chini ya mashine ya kukereza, lakini mashine yenyewe hakuwahi kuiwasha. Binti anayesomea uchomeleaji aliambiwa siku ya kwanza aende kufungasha mizigo, "kwa sababu huku kuna moto." Mwisho wa yote, vitabu vyao vya kumbukumbu viligongwa muhuri na wakapewa alama nzuri. Mwalimu wa chuo alifika mara moja, akasaini ofisini, akaondoka bila kufika penye mashine.

Na mnamkumbuka kijana wetu aliyepoteza vidole viwili kwenye mashine ya kukata bati. Mwendeshaji hakuja zamu ya usiku, naye akaambiwa, "Si unasomea haya mambo? Shika." Hakuwa ameonyeshwa hata kitufe cha kuzimia mashine kwa dharura. Kiwanda kilisema huyo ni mwanafunzi wa chuo. Chuo kikasema ajali imetokea kiwandani. Ilipotafutwa karatasi yenye jina la mtu wa kuwajibika, haikuwepo. Gharama za hospitali zilitoka kwenye michango, na wengi wenu mlituma usiku ule ule kwa simu. Tunawashukuru. Lakini mchango haurudishi kidole.

*Hatusemi vijana wasiende*

Asielewe mtu kwamba Tawi linapinga vijana kwenda viwandani. Tunataka waende, tena kwa muda mrefu zaidi ya hizo wiki chache. Chuoni kijana anajifunza kusoma mchoro, kupima unene wa chuma kwa usahihi, na kujua kwa nini waya unaungua. Kiwandani anajifunza kuwa mashine ikisimama saa moja oda inachelewa na mteja anahama. Anajifunza kusikia beringi inavyolia kabla haijavunjika. Anajifunza kukabidhi zamu kwa maandishi, ili anayeingia ajue kilichoharibika. Mambo haya ya pili hayafundishwi ubaoni, na mashine za chuo, nyingi zikiwa chache au za zamani, haziwezi kuyafundisha peke yake.

Wala si jambo jipya kwetu. Wazee wa Tawi hili mnakumbuka mafunzo ya ufundi yaliyosimamiwa kwa sheria ya mwaka 1974, na majaribio ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza. Fundi alipanda ngazi kwa kupimwa. Sheria ya mwaka 1994 ikaanzisha VETA. Katika miaka ya 2010 VETA ilishirikiana na chemba ya mafundi ya Hamburg, Ujerumani, kuanzisha uanagenzi pacha katika fani chache hapa Dar es Salaam, Arusha na Moshi: kijana yuko chuoni kwa muda, kiwandani au karakana kwa muda, na pande zote mbili zinamfahamu. Mwaka 2017 Serikali ilitoa miongozo ya kitaifa ya uanagenzi na ya mafunzo tarajali. Na tangu Januari 2024 mkondo wa amali umeanza katika sekondari, maana yake watakaobisha hodi kwenye mageti haya wataongezeka.

Wajerumani tunaowataja wana sheria ya uanagenzi tangu mwaka 1969. Kwao kijana anasaini mkataba na mwajiri mwenyewe, mara nyingi kwa miaka mitatu au mitatu na nusu. Anapewa posho iliyoandikwa kwenye mkataba. Kiwanda lazima kiwe na mkufunzi aliyethibitishwa kuwa anafaa kufundisha, na mtihani wa mwisho unasimamiwa na chemba, hausimamiwi na kiwanda chenyewe. Viwanda vyao ni vikubwa kuliko vyetu, na hatudai kila kitu kifanane. Lakini mkataba, mkufunzi na mtihani wa mtu wa nje ni mambo matatu ambayo hata karakana yenye mafundi kumi inaweza kuyafanya.

*Hesabu*

Wenye viwanda wanatuambia mafunzo ni gharama. Sisi tuliosomea uhasibu hatukatai. Tunaomba tu gharama ipigwe hesabu badala ya kusemwa kwa mdomo.

Tuchukue kiwanda cha mfano chenye wafanyakazi 100, kila mmoja analipwa shilingi 400,000 kwa mwezi. Mishahara yote ni shilingi 40,000,000. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ile tunayoiita SDL, ilipunguzwa mwaka 2023 kutoka asilimia 4 hadi asilimia 3.5 ya malipo ya wafanyakazi. Kwa kiwango hicho cha mwaka 2023 kiwanda chetu kingelipa shilingi 1,400,000 kwa mwezi, sawa na 16,800,000 kwa mwaka.

Sasa tuweke wanagenzi 6. Kila mmoja apewe nauli na chakula shilingi 5,000 kwa siku, siku 22 kwa mwezi: ni 110,000 kwa mtu, jumla 660,000. Mafundi 2 wanaowafundisha wapewe posho ya 100,000 kila mmoja: ni 200,000. Jumla kuu ni shilingi 860,000 kwa mwezi. Ongeza malighafi itakayoharibika, maana hakuna anayejifunza bila kuharibu. Bado hujafikia kiasi cha tozo.

Mwenye kiwanda atasema: tozo nimeshalipa, kwa nini nilipe tena? Hoja yake ina uzito. Kwa miaka mingi mgawanyo wa fedha hiyo umekuwa theluthi moja kwa VETA na theluthi mbili kwenda kwingine. Kwa hiyo Tawi linapeleka pendekezo Kata, na kutoka Kata liende Wilaya hadi kwa Mbunge: mwajiri mwenye wanagenzi waliosajiliwa, wenye mikataba na wanaopimwa, arudishiwe sehemu ya tozo aliyolipa. Anayefundisha kwa ushahidi apate. Anayetumia vijana kufagia asipate.

*Fundi naye aangaliwe*

Katika kikao, mwanachama mwenzetu, fundi wa miaka mingi, aliuliza swali lililotunyamazisha. Alisema: "Mimi mwenyewe ni deiwaka. Nikimfundisha huyu kijana kila kitu, kesho tajiri ataniambia nipumzike, amchukue yeye kwa nusu ya pesa. Nafundisha kwa faida gani?"

Tusimlaumu. Ujuzi wake ndio shamba lake, na hakuna mtu anayegawa shamba lake la pekee kwa hiari. Ndiyo maana kijana anapelekwa kufagia: mara nyingi fundi hana chuki naye, ila ana hofu. Mpango wowote wa mafunzo kazini unaomsahau huyu fundi utakufa mikononi mwake. Fundi anayefundisha atajwe kwenye mkataba, apewe posho na awe na ajira ya maandishi. Na kama hana cheti, VETA ina utaratibu wa kumpima na kuutambua ujuzi alioupata nje ya mfumo rasmi. Wapo wanachama wetu wengi wanaoweza kupimwa na hawajui. Tutawaelekeza.

*Masharti ya Tawi*

Kabla mzazi au kijana hajasema "nimepata nafasi", tunashauri mambo haya yawepo:

1. Mkataba wa maandishi kati ya chuo, kiwanda na kijana, unaosema ataanza lini, atamaliza lini na atajifunza nini mwezi kwa mwezi.

2. Jina la fundi anayemsimamia. Neno "idara" halitoshi. Tunataka jina la mtu.

3. Mafunzo ya usalama kabla ya kugusa mashine, na vifaa vya kujikinga kutoka kwa mwajiri. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2003 ipo. Aliye chini ya miaka 18 asiwekwe kabisa kwenye kazi ya hatari.

4. Kijana asijaze nafasi ya mfanyakazi aliyekosekana, na asiachwe peke yake na mashine usiku.

5. Mkataba useme nani atamtibu na kumfidia akiumia. Kiwanda kiulizwe wazi kuhusu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na jibu liandikwe.

6. Binti afundishwe fani aliyoisomea. Kama amesomea kuchomelea, achomelee.

7. Apimwe kwa kazi aliyoifanya kwa mikono yake, mbele ya mtu ambaye si wa kiwanda hicho.

Kuna mzazi atakayesema, "Nikidai yote hayo mwanangu atakosa nafasi." Inawezekana kwa kiwanda kimoja. Lakini mzazi mmoja akidai peke yake ataonekana msumbufu. Wazazi wote wa mitaa hii wakiuliza maswali yale yale, viwanda vitazoea kuyajibu. Hiyo ndiyo kazi ya Tawi, na ni kazi kubwa kuliko kugonga muhuri kwenye barua.

*Tutakachofanya*

Kuanzia Jumatatu kutakuwa na daftari katika ofisi ya Tawi. Kila kijana wa eneo letu anayekwenda field aandikishwe, awe na chama au asiwe nacho: jina, fani, kiwanda, na kama ana mkataba au hana. Chama hakina mamlaka ya kukagua kiwanda, na hatutajifanya tunayo. Lakini tukiwa na daftari, malalamiko yatakwenda kwa Afisa Kazi, OSHA au VETA yakiwa na tarehe na majina, si uvumi wa kijiweni.

Kamati imeteua wanachama watatu, wawili kati yao mafundi wastaafu, wawatembelee mameneja wa viwanda vya jirani kwa heshima na kuwaeleza masharti haya. Vipo viwanda vinavyofundisha vizuri. Navyo tutavitaja kwa jina kwenye mikutano yetu, ili vijana wajue pa kuanzia.

Kikao cha wazazi, vijana na mafundi ni Jumapili ijayo, saa 10 jioni, ofisi ya Tawi. Mwenye mkataba aje na nakala. Asiye nao aje pia aseme hana, kwa sababu huo ndio ushahidi tunaouhitaji zaidi.

Ujumbe huu umetumwa kwa orodha, hivyo ukijibu utatufikia ofisini moja kwa moja. Mfikishie na jirani asiye na simu.

Imetolewa na Ofisi ya Katibu wa Tawi, kwa niaba ya Kamati ya Tawi.