Acheni Daftari la Maneno
Kijana wa Bunia anayejiandaa kwenda kusoma Kampala huanza kwa kununua daftari la kukariri maneno ya Kiingereza. Aliache. Mwaka 2000 Averil Coxhead, mtaalamu wa lugha huko New Zealand, alichapisha orodha ya familia 570 za maneno yanayorudi kila mara katika maandiko ya vyuo vikuu. Sehemu kubwa asili yake ni Kilatini na Kiyunani. Aliyesoma sekondari kwa Kifaransa, kama wengi wetu Ituri, keshakutana na ndugu zao: analyse, concept, hypothèse. Wengine ni ndugu wa sura tu: éventuellement ni “huenda”, eventually ni “hatimaye”, na msahihishaji hana huruma. Mitego hiyo hufichuka neno linapokutwa ndani ya sentensi, tena na tena, katika somo ambalo msomaji tayari analielewa. Wa uuguzi asome uuguzi kwa Kiingereza, wa sheria asome sheria. Usomaji huo utamfaa hata baada ya chuo: Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo yetu ilijiunga nayo mwaka 2022, huandika nyaraka zake hasa kwa Kiingereza. Wenye maktaba mjini, ongezeni rafu ya vitabu vya masomo hayo kwa Kiingereza, na waruhusuni vijana waviazime waende navyo nyumbani.