Mishikaki haivuki Rusumo

Mtu wa Masumbwe akirudi kutoka Dar es Salaam huulizwa amenunua nini. Akirudi kutoka Kigali huulizwa ameona nini. Swali la pili ni zito kuliko la kwanza. Aliyenunua hufungua begi akaonesha, lakini aliyetazama mji kwa siku mbili hana budi kueleza, na maelezo ya siku mbili yana desturi ya kurefuka kadiri chai inavyoongezwa. Nimekwisha kusikia barazani habari za Kigali ambazo wenyeji wa Kigali wenyewe wangezisikiliza kwa mshangao mkubwa.

Hata hivyo mji huo ni jirani yetu kuliko tunavyodhani. Malori yanayopita mbele ya maduka yetu usiku na mchana, yakitoka Kahama kuelekea Ushirombo na Runzewe, mengi yake yanakwenda Rusumo; na kutoka Rusumo hadi Kigali ni kilomita 160 hivi. Safari nzima haifiki nusu ya njia ya Dar es Salaam. Ndiyo maana baada ya msimu mzuri wa mpunga, au baada ya duara kutema, wapo wafanyabiashara wetu ambao siku hizi huenda huko kutembea tu, tena pamoja na wake zao. Ni jambo jema. Tumehimizwa kutembea katika ardhi na kuzingatia. Kutembea tunakuweza; kuzingatia ndiko kunakotushinda, kwa kuwa basi la kurudi huondoka keshokutwa.

Mgeni huanza kuchanganyikiwa pale pale mpakani, kabla hajaona jengo hata moja. Gari lililokuwa likienda kushoto huhamia kulia, na saa hurudi nyuma kwa saa nzima. Katika msafara wa mwisho niliofuatana nao alikuwamo mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori, aliyekataa katakata kurudisha saa yake. Hoja yake ilikuwa kwamba jua ni lile lile, na hakuna aliyempa idhini ya kulirudisha. Kwa siku mbili akawa wa kwanza kudai chakula na wa kwanza kutangaza kuwa tumechelewa. Magharibi tu ndiyo iliyotupatanisha: kwa saa yake ilikuwa karibu saa moja ya jioni, kwa saa zetu karibu saa kumi na mbili, na jua likatua bila kuegemea upande wa yeyote.

Kisha pikipiki. Kwetu bodaboda ni chombo cha familia: baba nyuma ya dereva, mama nyuma ya baba, mtoto katikati, na kuku akipatikana naye hakosi nafasi. Mishikaki hiyo haivuki Rusumo. Kigali pikipiki hubeba abiria mmoja, naye huvishwa kofia ngumu. Bwana mmoja wa kundi letu, muuza vifaa vya ujenzi, alipojaribu kupanda pamoja na mkewe, dereva alizima injini, akashuka, akasimama kwa adabu akingoja mmoja wao naye ashuke. Ikabidi iitwe pikipiki ya pili. Mama akaivaa kofia juu ya ushungi, akaufunga mkanda chini ya kidevu kwa mkono wake mwenyewe, na pikipiki yake ikateremka kilima kabla mumewe hajamaliza kujadili nauli.

Nchi ile, kama mjuavyo, ni ya vilima. Ukifika juu ya kimoja unaambiwa mtaa unaoutafuta uko juu ya kile kingine. (Kijana mmoja mchimbaji aliyekuwa nasi kila alipoona kilima aliuliza kama kimewahi kupimwa dhahabu. Hakuwa akitania.) Bwana yule alizungushwa, akazungushwa, na alipofika Biryogo alimkuta mkewe ameketi kibarazani, chai imefika nusu kikombe, amekwisha kujua majina ya watoto wa mwenye nyumba. Tangu saa ile maelekezo aliyokuwa akimpa mkewe yalipungua sana.

Biryogo na Nyamirambo ndipo mgeni kutoka kwetu anapopumua. Inachekesha kidogo kwamba mtu apigiwe muhuri, abadilishe fedha, kisha ashinde mahali ambapo anasalimiwa kwa Kiswahili na kuletewa chapati na maharage. Lakini jambo hilo lina asili. Richard Kandt, daktari wa Kijerumani, alipouanzisha mji wa Kigali mwaka 1907, nyuma ya Wajerumani walikuja askari, makarani na wafanyabiashara waliotoka huku kwetu Tanganyika, wengi wao Waislamu. Enzi ya Wabelgiji wakatengewa Biryogo, wakae huko. Lugha ikakaa nao. Na mwaka 2017 Bunge la Rwanda likapitisha Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha rasmi. Kwa maoni yangu, aliyefika Kigali asiketi kibaraza cha Nyamirambo hata saa moja ameona lami tu. Wenzangu walitaka zaidi kuba la jengo la mikutano, lile linalowaka rangi usiku. Nami nililiona. Ni zuri.

Usafi wa mji ule umekwisha kusimuliwa mno, sitauongeza. Rwanda walipiga marufuku mifuko ya rambo mwaka 2008, nasi tukafuata 2019. Ila mwenye kupanga safari atazame kalenda. Sisi tuliwasili Ijumaa jioni, na kumbe kesho yake ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, ambapo watu hutoka kufanya kazi za pamoja na maduka hufungwa hadi saa tano. Kwetu pia ipo Jumamosi ya usafi, lakini mlango wa duka hufungwa nusu, na nusu iliyobaki inaeleweka. Kule ulifungwa wote. Kina mama waliokuja na orodha za vitenge wakaitazama Kigali kupitia dirisha la nyumba ya wageni.

Mchana tukaenda Gisozi, kwenye makumbusho ya mauaji ya kimbari ya 1994. Wamezikwa hapo watu zaidi ya 250,000. Kuna chumba cha picha za watoto, na chini ya picha yameandikwa mambo madogo madogo: chakula alichokipenda, rafiki aliyecheza naye. Tuliingia simu zikiwa mikononi. Zilirudi mifukoni zenyewe, na njiani kurudi hakuna aliyetaja vitenge.

Siku ya kuondoka gari lilisimama Rusumo. Vijana wakakimbilia kujipiga picha na maporomoko ya Kagera. Mzee wa saa alibaki kando ya barabara, ameupa mto mgongo. Mama yule wa pikipiki akamwuliza kama amepachoka.

“Hapa ndipo walipovukia, mwanangu,” akasema. “Mwisho wa Aprili ule, watu zaidi ya laki mbili kwa siku moja. Na mto wenyewe ulikuwa ukibeba maiti hadi Ziwani. Mimi nilikuwa nikipeleka mahindi. Napakia Isaka, napita hapo kwenu Masumbwe, nashusha Benaco, nageuza.”

“Na Kigali, baba, hukuwahi kufika?”

“Ningefikaje? Njia yangu iliishia kambini. Desemba ya 1996 wakarudishwa, nami sikuwaona tena. Safari hii nilitaka nione tu walikotoka.”

Kijana mmoja aliyekuwa amekwisha inua simu akaishusha. Dereva akapiga honi, tukapanda. Ng’ambo ya daraja gari likahamia kushoto, na sisi wote tukasogeza saa zetu mbele, isipokuwa yeye.