Kabla ya kununua ruta kubwa, tuangalie tunapoweka vipindi

Ndugu wasikilizaji wa Opala, na ninyi familia zilizokimbia makwao, tumepoteza kipindi tena. Ni kile ambamo wazazi hutaja majina ya watoto walioachana nao njiani. Kijana wetu alikirekodi, akakiweka ndani ya ruta, kile kisanduku cha kugawa Wi-Fi, ili kila mwenye simu akichukue bila kununua megabaiti. Usiku betri ya sola ikaisha. Asubuhi ruta ikawaka vizuri, lakini kipindi hakipo.

Sasa watu wanasema tuchange tununue ruta kubwa. Mimi nakataa.

Ruta yetu inaendeshwa na OpenWrt, aina ya Linux ya mashine ndogo. Ina megabaiti 64 za RAM na 16 za kuhifadhia. Kipindi kiliwekwa katika folda ya /tmp, na hiyo si diski. Ni kipande cha RAM, kwa kawaida nusu yake au pungufu. Umeme ukikatika, kila kitu kinafutika. Tena sauti ya saa moja, kwa kilobiti 64 kwa sekunde, inakula karibu megabaiti 29. Saa moja tu, /tmp imejaa na ruta inaganda. Halafu tunasema imezeeka!

Ruta yetu ina tundu la USB. Flashi ya gigabaiti 16 inabeba vipindi vya zaidi ya saa 500. Ipangwe kwa ext4, inayovumilia kukatika kwa umeme kuliko FAT, na iandikwe katika /etc/config/fstab ili ijifungue yenyewe kila ruta inapowaka. Kisha kijana apige df -h na free kila jioni, aone nafasi iliyobaki. Asiweke swap juu ya flashi hiyo, maana kuandikwaandikwa kutaiua mapema. Zram, inayobana data ndani ya RAM, inafaa zaidi.

Nakubali, ziko ruta zisizofaa. Zile za megabaiti 4 za kuhifadhia na 32 za RAM, OpenWrt waliziacha baada ya toleo la 19.07 la mwaka 2020. Hizo tusizipokee hata za msaada.

Pesa za mchango zinunue betri na flashi mbili, moja ya akiba. Majina tutayarekodi upya. Ila mama mmoja aliyetaja wanawe wawili amekwisha kupanda mtumbwi kwenye Lomami kuelekea Kisangani. Anayemfahamu amwambie atutumie sauti yake.