STAA KALIPWA, SHABIKI KAUNGUA: MATANGAZO YA VIFAA VYA UMEME MITANDAONI YAMEKUWA UPIGAJI

Mjini siku hizi staa asipokuwa na ngoma mpya, ana blenda mpya. Filamu ikibuma, anatoka na pasi ya nywele. Akiachwa na mpenzi, wiki ya pili yuko laivu jikoni, kucha ndefu, anakaanga chipsi "bila mafuta" kwenye mashine ambayo stika yake haijabanduliwa. Kisha linakuja lile neno: "Wapenzi wangu, hiki ndo natumiaga kila siku, mzigo umebaki kidogo, njoo DM."

Kila siku? Kwa nani? Kwake kuna dada wa kazi anayepika, na nywele anazozipitishia pasi ni wigi lililotoka saluni jana.

Biashara siyo dhambi. Staa naye ana kodi ya nyumba, ana watoto wanasoma, na shoo hazipatikani kila wikiendi. Tatizo ni kwamba anauza kitu asichokijua, anadai anakitumia, na anaficha kuwa amelipwa. Shabiki anadhani anapewa siri na dada yake, kumbe anasomewa tangazo. Mtaani hiyo inaitwa upigaji, hata kama mpigaji ana wafuasi milioni.

Chukua hizo pasi za nywele. Kuna dada mmoja, jina kubwa tu, aliinadi ya kwake kwamba inanyoosha hata nywele mbichi: unatoka kuoga, unapitisha, umemaliza. Maji yanachemka kwenye nyuzi joto 100. Pasi ya nywele inaweza kupanda hadi 200 na kitu. Unywele uliolowa ukibanwa hapo, maji yaliyomo ndani yanageuka mvuke na kuupasua. Kama kichwa kina dawa, ndo basi tena.

Binti mmoja wa dukani Kariakoo alipopokea zamu yake ya mchezo, akaichukua pasi hiyo. Wiki haikuisha, nywele za mbele zote zikakatika. Akarudi kwenye posti ileile na picha, kwa adabu kabisa, akiuliza afanyeje. Machawa wakamvamia: "Mshamba wewe," "Nywele zako ndo mbovu," "Kama huna hela tulia." Baada ya muda komenti ikafutwa, binti akablokiwa, na staa akaposti maneno marefu kuhusu watu wenye wivu.

Kwa wanaume mambo ni yaleyale. Kaka mmoja wa muziki, kidevu kinang'aa kama kioo kwa sababu ya filta, alileta mashine ya ndevu "inayokata mpaka chini ya ngozi, hakuna vipele tena." Muulize kinyozi yeyote wa maana. Ndevu za Waafrika wengi zimejikunja. Zikikatwa chini sana, zikianza kuota ncha inageuka na kuingia kwenye ngozi, na hapo ndipo vipele vinapozaliwa. Mwenye tatizo hilo anatakiwa aache ndevu kidogo, asizing'oe mpaka shinani. Yaani kaka kauza ugonjwa kwa jina la dawa, na mashabiki wakamwekea mioyo.

Bado hizo blenda ndogo za kuchaji. Ni nzuri kwa ndizi, parachichi na embe lililoiva. Kwenye video, staa anamimina barafu na karanga, video inakatwa, inarudi juisi laini. Kilichotokea katikati hakionyeshwi. Mnunuzi akijaribu kwake, mota inanuka kuungua siku ya tatu. Akiuliza waranti, ukurasa wa muuzaji umeshabadilishwa jina.

Kuna kitu kimoja ambacho hakuna staa anayekigusa: umeme. Mashine ya kukaangia kwa hewa ya wati 1,500 ikiwaka saa nzima mfululizo, inakula uniti moja na nusu. Kwa mteja wa nyumbani anayelipa karibu Sh350 kwa uniti, hapo zimeenda zaidi ya Sh500 kwa sahani za chipsi. Mbezi Beach hilo halina shida. Mbagala, ambako wapangaji watano wanachangia LUKU moja, hiyo ni kesi ya kufikishwa kwa mwenye nyumba.

Na usalama je? Jagi la umeme la wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 linavuta karibu ampea 9. Likichomekwa kwenye ile ekstensheni ya waya mwembamba, yenye TV, friji na chaja tatu, waya unapata moto. Vipo pia vifaa vinavyoletwa kutoka Marekani, vimeandikwa volti 120 tu. Kukichomeka hapa bila transfoma ni kukiua, na pengine kuwasha godoro. Maandishi hayo yapo nyuma ya kifaa. Kukigeuza mbele ya kamera kunachukua sekunde mbili, lakini kamera haigeuki.

Wanaowatetea wana hoja yao: "Mnunuzi ni mtu mzima, angeuliza kabla ya kutuma hela." Sawa, angeuliza. Lakini kauliza wapi? DM anajibiwa bei na namba ya kutuma pesa. Kwenye posti, swali la wati linafutwa na sifa zinabaki. Huwezi kumfungia mtu mlango halafu ukamlaumu kwa kutoingia.

Na ubaya siyo vifaa. Jiko la presha la umeme, kwa mfano, ni mkombozi kweli. La wati 1,000 likiwaka nusu saa mfululizo linatumia nusu uniti, na kwenye maharage huwa linajizima na kujiwasha lenyewe, presha inafanya kazi. Serikali ina mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Sasa mama ambaye blenda ya staa ilimuungulia mkononi, akiambiwa kesho aache mkaa anunue jiko la umeme, ataamini? Atasema "ni yaleyale," na atarudi kwenye gunia lake. Uongo wa staa mmoja unamharibia hata muuzaji mkweli wa duka la jirani.

Marekani na Uingereza, anayelipwa kutangaza mtandaoni anatakiwa aseme wazi kwamba hilo ni tangazo. Hapa Tanzania nako hakuna uhuru wa kudanganya: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kibiashara, na Tume ya Ushindani ipo. Wanaopigwa wengi hawaendi huko kwa sababu wameshaaminishwa kwamba kosa ni lao.

Kwa hiyo staa anayetaka kuendelea kula kwenye meza hii afanye mambo matatu. Aseme amelipwa. Akigeuze kifaa, wati na volti zionekane. Ataje duka lenye mlango, ambalo kikifa ndani ya mwezi mteja anakirudisha. Akishindwa hayo, arudi studio akarekodi.

Na mashabiki nao wana lao. Yule binti wa Kariakoo hakuumizwa na pasi peke yake. Aliumizwa na watu mia wa hali kama yake, wanaochangia LUKU kama yeye, waliomcheka ili staa asiyewajua hata majina awaone. Komenti yake isingefutwa, wengine kumi wangesoma na kuokoa hela zao. Anayesema "kimeniungulia" anawasaidia wengi kuliko anayeandika "malkia wetu."

Umeshapigwa na kifaa gani, na ulijibiwa nini ulipolalamika? Funguka hapo chini. Hapa komenti haifutwi.