Kumbukumbu za Anga Si Saini ya Mwanaanga

Ukitaja kumbukumbu za safari za anga mbele ya walimu au wanafunzi wa huku kwetu Maposeni, Songea, jibu ni lile lile: hivyo ni vitu vya Wamarekani. Kumbukumbu, kwao, ni picha ya mwanaanga aliyevaa vazi jeupe, imetiwa saini, inauzwa kwa dola. Asiye nayo hana lake katika historia ya anga. Imani hii ni potofu, na inatuibia.

Hiyo saini yenyewe ni nini? Maombi ya picha yalipowazidi nguvu wanaanga, NASA, shirika la anga la Marekani, ilitumia mashine inayoshika kalamu halisi na kuandika jina la mtu kwa kufuata kigezo, picha baada ya picha. Wakusanyaji wazoefu huweka picha mbili pamoja mbele ya mwanga. Saini zikilingana kila kona na kila mkunjo, wanajua hapakuwa na mkono wa mtu, kwa sababu hakuna binadamu anayeandika jina lake mara mbili bila tofauti hata kidogo. Neil Armstrong mwenyewe, mtu wa kwanza kukanyaga mwezi, aliacha kusaini katika miaka ya 1990 alipoona saini zake zimegeuzwa bidhaa. Na wale wanaanga watatu wa chombo cha Apollo 15, mwaka 1971, walibeba kwenda mwezini bahasha za stempu karibu 400 zisizo na kibali, nyingine zikiwa za mfanyabiashara wa Ujerumani. Walichukuliwa hatua, na hakuna hata mmoja wao aliyeruka tena.

Sasa tutazame kwetu. Februari 20, 1962, mwanaanga wa Marekani John Glenn alipoizunguka dunia, mojawapo ya vituo vilivyomfuatilia kilikuwa Unguja, na alizungumza nacho kwa redio akiwa juu. Kituo kile kilifungwa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi ya Zanzibar. Nani aliendesha magari yake? Nani alilinda lango, nani alipika? Kitambulisho kimoja cha kazi kilichosahaulika kabatini, au picha moja ya wafanyakazi waliosimama chini ya antena, ina uzito zaidi kuliko saini mia za mashine.

Desemba 12, 1970, Kenya ikiadhimisha uhuru wake, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano lililokuwa baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kuchunguza eksirei zitokazo angani. Ikaitwa Uhuru. Wataalamu wa anga wanalitaja jina hilo la Kiswahili hadi leo, na watoto wetu hawalijui.

Na Kimondo cha Mbozi, je? Hiki si picha ya anga, ni anga lenyewe limetua: chuma chenye nikeli ndani yake, zaidi ya tani kumi. Ukikisogelea unaona pembeni alama ya msumeno. Wanasayansi wa enzi ya Mwingereza walikikata kipande, na kazi ya kukikata iliwachukua saa nyingi kwa ugumu wake. Wapo wanaotoa fedha nyingi kununua punje ya kimondo. Sisi tunacho hapo Songwe, safari ya siku moja kwa basi.

Watu wa Songea hawahitaji kufundishwa thamani ya kilichoondoka. Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni katika Vita vya Majimaji, alinyongwa na Wajerumani mwaka 1906, na ukoo wake bado unatafuta fuvu lake, unaloamini lilipelekwa Ujerumani. Tunaojua uchungu huo tunawezaje kuwafundisha watoto kwamba cha kuhifadhi kinatoka ng'ambo?

Kipo kinachopotea hapa hapa kijijini sasa hivi. Armstrong alikanyaga mwezi saa kumi na mbili kasoro dakika nne alfajiri kwa saa zetu, Jumatatu ya Julai 21, 1969. Mzee aliyekuwa kijana wa miaka ishirini na mitano siku hiyo, leo amepita themanini. Huyu hana kipande cha karatasi, lakini anayo habari yenyewe: ilimfikiaje, kwa redio ya nani, nani alicheka, nani alisema ni kufuru, na usiku uliofuata aliutazamaje mwezi. Saini inaweza kusubiri mnada miaka hamsini. Mzee hasubiri.

Kwa hiyo nawaambia walimu wa Maposeni na Peramiho: acheni kuwaandikisha watoto barua za kuomba picha Marekani. Wapeni daftari na simu ya kurekodia, wawaendee babu na bibi zao likizo hii. Waandike jina la mzee, kijiji alikokuwa mwaka 1969, tarehe ya mazungumzo na maneno yake kama alivyoyatamka, kwa Kingoni kama ndivyo alivyosema. Nakala moja ibaki shuleni, nyingine ipelekwe Makumbusho ya Majimaji pale Songea.