NENO LA JUMA HILI: "SHORT"



Mzee mmoja mkulima wa huku kwetu Nuu alifika ofisini akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Alisema, "Mwanangu, wewe umesoma. Mvua za Oktoba hadi Desemba Waingereza waliziita 'short rains', yaani mvua fupi, na zile za Machi hadi Mei wakaziita mvua ndefu. Mimi nimelima tangu ujana wangu, na chakula cha watoto wangu kimetoka katika hizo fupi. Zile ndefu zimenihadaa mara nyingi. Je, neno hili 'short' lina maana gani hasa?"

Nalimwomba anipe muda nikalitafute katika kamusi. Nimelitafuta, na nimeona ni neno dogo lenye mambo makubwa. Yafaa tulichungue pamoja, maana limo katika barua, stakabadhi na taarifa zinazotufikia kila siku.

Maana ya kwanza twaijua sote, nayo ni kinyume cha urefu. "A short man" ni mtu mfupi. "A short story" ni hadithi fupi. Hapo hakuna taabu. Kadhalika husemwa kwa wakati: "a short visit" ni ziara ya muda mfupi. Lakini ukiarifiwa kwamba mkutano umeitishwa "at short notice", usidhani kwamba tangazo lenyewe lina maneno machache. Laweza kuwa na kurasa tatu. Maana yake ni kwamba watu wamepewa habari kukiwa kumebaki muda mdogo mno wa kujitayarisha.

Maana ya pili ndiyo yenye hatari, nayo ni upungufu. Hapa haipimwi tena kwa futi wala kwa saa, bali kwa kulinganisha kitu kilichopo na kile kilichotazamiwa. Tazama jinsi neno moja dogo, "of", linavyogeuza maana yote. "Short men" ni watu wafupi. "Short of men" ni kupungukiwa na watu, hata kama waliopo ni warefu kama minazi. "Short of money" ni kuishiwa fedha, na "short of breath" ni kutweta. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kiingereza akiona "short of", na aiweke kando fikira ya urefu, ajiulize, "Ni kitu gani kilichopunguka?"

Nitaeleza kwa nini nasema hapo pana hatari. Miaka kadhaa iliyopita mkulima mmoja aliuza magunia matatu ya ndengu kwa mnunuzi. Alikuwa ameyapima mwenyewe nyumbani, kila gunia kilo 90, yaani kilo 270 kwa jumla. Akapewa stakabadhi iliyoandikwa kwa Kiingereza, na mwisho wake palikuwa na maneno "short 6 kg". Mkulima huyo alijua maana ya kwanza tu ya neno hilo. Aliona labda wanasema magunia yake yalikuwa mafupi, akacheka, akaikunja karatasi na kuitia mfukoni. Baada ya majuma mawili akanionyesha. Ndipo nilipomweleza kwamba karatasi ile ilidai mzigo wake ulipungua kilo 6, na kwamba alilipwa kilo 264 tu.

Je, mizani ya nyumbani ndiyo iliyokosea, au ile ya mnunuzi? Hata leo hatujui. Ndengu zilikuwa zimekwisha changanywa na za watu wengine na kupakiwa katika lori, na hapakuwa na kitu cha kupima tena. Lau angaliijua maana ya neno lile palepale mbele ya mizani, angaliomba mzigo upimwe mara ya pili, na haki ingalijulikana. Neno moja lilimnyima nafasi ya kuuliza. Basi nawasihi wenzangu, stakabadhi yo yote ikiwa na "short", msiondoke kabla ya kuuliza: imepungua kiasi gani, na imepunguka kutoka kipimo gani?

Waingereza huuita udanganyifu wa mizani "short weight", na ule wa vipimo vya kujaza "short measure". Gorogoro lililobonyezwa chini ni mfano wake ulio wazi: kwa macho halikupungua urefu hata kidogo, lakini nafaka ndani imepungua. Na mwenye duka akikurudishia chenji pungufu, husemwa amekufanyia "short change". Sisi wenye methali ya haba na haba hujaza kibaba twajua vema kwamba haba na haba pia hukipunguza.

Kwa makarani wenzangu nitaongeza machache. "In short" ni kwa ufupi. "A short cut" ni njia ya mkato. "Short-tempered" ni mwepesi wa hasira, na si mtu mwenye hasira ya kitambo kidogo. Yawezekana akanuna mwezi mzima. Ukisikia bwana fulani alikuwa "short with me", maana yake alijibu kwa mkato, bila adabu ya kutosha. Na kijana aliyeomba kazi akiandikiwa kwamba yuko katika "short list", asifadhaike wala asishangilie kupita kiasi: jina lake ni mojawapo ya machache yaliyochaguliwa ili waitwe kuhojiwa, lakini kazi bado hajaipata. Mafundi wa umeme nao wamelichukua neno hili likawa Kiswahili, nao husema "shoti" nyaya zinapogusana.

Mara nyingine "short" ni jina la kutofautisha tu. Wamarekani wana tani yao iitwayo "short ton", yenye ratili 2,000, ambayo ni karibu kilo 907. Na tani ya kale ya Waingereza, "long ton", ina ratili 2,240, karibu kilo 1,016. Tani tunayoitumia sisi ina kilo 1,000. Vivyo hivyo katika redio. Wazee wanakumbuka jinsi walivyosikiliza matangazo ya Kiswahili ya BBC, yaliyoanza mwaka 1957, kwa mawimbi mafupi, yaani "short wave". Wimbi lenyewe ni fupi, lakini hugonga tabaka za juu za anga na kurudi duniani, likafika mbali kuliko mawimbi ya kati. Kumbe kitu chaweza kuitwa kifupi na kazi yake ikawa ndefu!

Hapo ndipo nilipopata jibu la mzee wangu. Waliozipa mvua majina walitazama nchi kwa jumla. Pwani, na katika sehemu nyingi za milimani, mvua za Machi hadi Mei, ambazo Waswahili huziita masika, ndizo nyingi na za siku nyingi zaidi. Zile za vuli ni za muda mfupi. Lakini Ukambani vuli ndiyo inayotegemewa zaidi. Basi "short" katika "short rains" ni jina la kutofautisha misimu, wala si hukumu juu ya kiasi cha maji. Vuli ya mwaka 1997, wakati wa El Niño, ilinyesha hadi mapema mwaka 1998, ikabomoa barabara na madaraja mengi nchini. Hata hivyo iliitwa "short rains". Kisha tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano mfululizo ilipungua, na hapo mvua zote, fupi na ndefu, zilikuwa "short" kwa ile maana ya pili, maana ya njaa.

Kwa hiyo mkulima wa Nuu asije akaweka akiba mbegu yake bora kungojea mvua ndefu kwa sababu ya jina tu. Na akisoma kwamba mbegu fulani ni "short-season", ajue kwamba hasimuliwi kimo cha mmea, bali anaambiwa kwamba yakomaa upesi kabla mvua haijakatika. Hiyo ndiyo sifa ya mahindi ya Katumani, yaliyotayarishwa kwa ajili ya nchi kavu kama hii yetu.

Nalimpelekea mzee jibu hili. Alifikiri kidogo, akasema, "Basi jina ni la kwao, lakini shamba ni langu." Akainuka kwenda kutayarisha mbegu zake. Nami sina la kuongeza.